Fundi aliyetubadilishia taa za madarasa, Lamu

Mimi ni mwalimu wa bweni katika shule moja ya sekondari hapa Lamu, na tokeni za umeme nanunua mimi. Kazi ya fundi huyu nimeiona kwenye mita, na nimeridhika nayo.

Madarasa yetu manane yalikuwa na tyubu 48 za zamani, zile zinazopepesa kwanza ndipo ziwake. Kila moja ni wati 36, na choki yake, ile koili ya ndani ya fremu inayodhibiti umeme wa tyubu, hula kama wati 9 nyingine. Fundi alileta za LED za wati 18. Zilivuka kutoka Mokowe kwa boti zimeviringishwa ndani ya godoro kuukuu, zikapita vichochoroni juu ya punda, na haikuvunjika hata moja. Kwa saa 3 za prepu tunaokoa karibu yuniti 4 kila usiku.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni choki. Nimeona mafundi wanaobadilisha stata tu, kile kifaa kidogo cha kuiwasha tyubu, wakapachika tyubu mpya, wakaenda zao; choki inabaki ndani ya fremu ikinguruma na kula umeme bure. Huyu alipanda ngazi akafungua vifuniko vyote 48, akazitoa choki na kuunga waya moja kwa moja. Alinishikisha moja. Ilikuwa nzito kuliko umbo lake, na bado ina moto. Kisha akaandika kwa wino mzito kwenye kila fremu, "LED TU", ili kesho mtu asije akapachika tyubu ya zamani palipokwisha kuungwa upya.

Nilimwomba pia atenganishe swichi. Zamani swichi moja iliwasha taa zote sita za darasa. Wakati wa kusi, mawingu yakifunga, walio upande wa ndani hawaoni daftari ilhali walio dirishani wanaona vizuri, nasi tulikuwa tunawasha zote. Sasa safu ya dirishani ina swichi yake. Wanafunzi wa kidato cha pili wameitia nukta ya rangi ya bluu, na mchana haiguswi.

Sasa lililoniudhi. Tyubu za zamani alizirundika nyuma ya jiko, mbili zikapasuka. Ndani yake mna zebaki, na hapo ndipo watoto wanapopanga foleni ya uji! Nilipomwambia aliomba radhi, lakini vipande tuliviokota mimi na mpishi kwa makaratasi magumu, nzima tukazipanga ndani ya maboksi ya zile mpya na kuzifungia stoo. Mkimwita, kubalianeni kabla hajapanda ngazi kwamba za zamani zinawekwa wapi na nani anazichukua.

Na skrubu zake ni za chuma cha kawaida. Miezi mitano tu ya upepo wa chumvi, zile za madarasa yanayotazama bahari zimeshaota kutu. Kwetu huku mwambieni atumie zisizoshika kutu, hata zikiwa ghali.

Alitutoza shilingi 150 kwa kila taa, jumla 7,200, na za swichi mbali. Kwa choki peke yake naona zilistahili.

Mwezi ujao anakuja kufanya bweni la wasichana. Skrubu nimeshazinunua mwenyewe, na boksi la tyubu za zamani liko tayari mlangoni.