Mwaka mmoja na Inkscape: nilivyoichora upya nembo ya mikoba yangu

Nembo yangu ya kwanza ilishindwa kwenye lebo. Nashona mikoba ya turubai, na kila mkoba una lebo ndogo ya kitambaa kwa ndani, upana sentimita tatu. Nembo hiyo niliitoa kwenye tovuti moja inayotengeneza nembo kwa dakika chache: unaandika jina la biashara, unachagua mtindo, unaletewa. Yangu ilikuwa na cherehani, mkasi, ua, jina kwa mwandiko wa kujikunja, na rangi ya zambarau iliyofifia taratibu hadi nyeupe. Kwenye simu ilipendeza sana. Fundi wa kudarizi aliitazama, akanirudishia simu.

"Dada, hii sindano haiiwezi. Uzi haufifii. Na hivi vimistari ni vyembamba kuliko milimita moja, vitamezwa na kitambaa."

Mchora mabango naye akaikataa kwa sababu nyingine: faili lilikuwa PNG ndogo, yaani picha ya vidoti vya rangi, na alipoikuza ifike ukubwa wa bango, kingo zikawa ngazi ngazi. Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye, nilipouona mkasi uleule, hata pembe ya vipini ni ileile, kwenye nembo ya kinyozi. Nilikuwa nimebandika kwenye kazi ya mikono yangu picha ambayo si yangu peke yangu.

Ndipo nikapakua Inkscape. Ni programu huria ya kuchora, ipo tangu 2003, hailipiwi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Huchora kwa vekta, yaani haihifadhi vidoti vya rangi bali maelezo ya mistari na mikunjo, kwa hiyo mchoro mmoja unaenda kwenye lebo na kwenye bango bila kuharibika. Faili lake ni SVG, umbo la wazi ambalo hata kivinjari cha intaneti hulifungua.

Nisiwafiche, siku za kwanza ni ngumu. Kalamu yake haichori kama kalamu ya mkononi: unabofya nukta, unavuta vishikio viwili, na mkunjo unajipinda unavyotaka wenyewe mpaka mkono uzoee. Mimi ilinichukua wiki mbili za jioni kupata mkunjo mmoja safi. Nilichojifunza ni kuweka nukta chache. Upinde niliouchora kwa nukta tisa ulikuwa na mabonde. Kwa nukta tatu ukatulia.

Lakini sehemu iliyonifanya niandike maoni haya ni kidirisha kidogo kwenye menyu ya mwonekano, kinachokuonyesha mchoro wako kwa ukubwa wa ikoni, hadi pikseli (vidoti vya skrini) 16 kwa 16, wakati bado unauchora. Wengi hawakifungui. Mimi sasa ndicho ninachokifungua kwanza.

Nembo mpya nilitaka iwe mkoba mmoja tu, wenye mshono wa nukta nukta pembeni na mkanda juu. Kwa ukubwa wa skrini nzima niliona fahari. Kwenye pikseli 16, ule mshono wa vipande ishirini na kitu ukawa vumbi. Nikaupunguza ukawa kumi, bado vumbi. Ukawa vitano vinene, ukaonekana mshono. Kisha pengo kati ya mkanda na mkoba likawa limeziba, ikabidi nilipanue karibu mara mbili. Nikamwita binti anayenisaidia kukata vitambaa, nikamwonyesha ile ndogo tu. Akauliza, "Dada, mbona umechora kufuli?"

Na kweli lilikuwa kufuli. Mwili wa mraba, upinde juu: chochote utakachosema kuhusu turubai, jicho linaona kufuli. Nilikumbuka habari ya Rob Janoff, aliyechora tufaha la Apple mwaka 1977. Ameeleza kwamba lile pengo la kung'ata alilitia ili tufaha likiwa dogo watu wasidhani ni cheri. Kumbe kazi ya kuchora nembo kwa sehemu kubwa ni hii, kuuliza kitu chako kikiwa kidogo kinafanana na nini kingine, halafu kukata pale pale kinapofanana.

Nikapanua mdomo wa mkoba uwe mpana kuliko kitako, nikatoa upinde, nikaweka mikanda miwili inayopishana, mmoja umelala upande. Hapo Inkscape ilinirahisishia mambo: unaweka umbo juu ya umbo, unaamuru lililo juu lilikate la chini, na pengo linatoka safi kama limekatwa kwa wembe. Binti alipotazama tena alisema "mkoba" kabla sijamaliza kuuliza.

Rangi niliiacha mwisho, na nawashauri wote mfanye hivyo. Nembo isiyosimama kwa rangi nyeusi peke yake haitasimama kwenye muhuri, wala kwenye risiti, wala kwa uzi wa rangi moja. Yangu ni buluu ya wino mzito, basi. Jueni tu kwamba Inkscape inakuonyesha rangi kwa mwanga wa skrini, na mashine ya chapa inachanganya wino, kwa hiyo buluu ya kioo haitatoka ileile kwenye karatasi. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia.

Jambo moja linalowaponza wengi: maandishi. Ukimpelekea mchapaji faili na yeye hana fonti (mtindo wa herufi) uliyotumia, kompyuta yake inaweka nyingine bila kukuuliza. Kabla ya kutuma, chagua maandishi na ubonyeze Shift+Ctrl+C, yageuke kuwa umbo la kawaida. Ila weka nakala kwanza, maana yakishageuka huwezi tena kuyahariri kama herufi. Na fonti yenyewe hakikisha leseni yake inaruhusu biashara. Zenye SIL Open Font, leseni huria ya fonti, hazina shida hiyo.

Nani asiitumie? Asiye na jioni za kukaa na kukosea. Huyo amtafute mbunifu, amweleze nembo itakaa wapi hasa, na kabla ya kulipa adai faili la SVG au PDF, toleo la rangi moja, na karatasi inayosema nembo sasa ni mali yake. Hayo ya karatasi watu huyaonea haya. Msione haya.

Mimi naipa nyota tano, moja nzima ikiwa ya kile kidirisha.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule fundi wa kudarizi na faili jipya. Alilifungua, akalipunguza mpaka sentimita tatu, akasogeza uso karibu na kioo. Kisha akainuka kwenda kwenye rafu ya nyuzi, akarudi na buluu mbili, akaniuliza ipi.