Sebule juu, vyumba chini: uzoefu wangu na ramani mbili za nyumba ya magogo, Mikindani

Ramani ya kwanza nililipia laki tisa. Mchoraji yuko Dar, tulipatana kwa simu, akanitumia kwa WhatsApp ndani ya wiki tatu. Kwa uharaka nampa nyota tano. Mengine yanafuata.

Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko nyuma ya mji wa kale wa Mikindani: barabara inapita juu, bahari tunaiona chini. Nilitaka nyumba ya magogo, vyumba vya kulala viwe chini, sebule na jiko juu. Walionicheka wamesahau zile ghorofa za zamani zenye roshani za mbao. Wenyewe walikuwa wakipunga upepo juu, mali ikakaa chini. Aliyewahi kulala Mikindani mwezi wa Novemba, mvua bado haijakaza, hatauliza sababu.

Kwa macho ramani ilipendeza. Mlango mkubwa upande wa bahari, unaingia kwenye korido yenye vyumba vitatu, na ngazi iko mwisho kabisa. Mama mkwe akaitazama, akauliza, "Mgeni akipiga hodi, apite kwanza kwenye vitanda vyetu?" Nikamwambia milango itafungwa. "Haya. Na mimi na magoti haya mtanipandisha kila siku kama gunia la korosho, nikale?"

Nikamrudishia mchoraji. Alichofanya ni kupanua ngazi. Kiwanja hakuja kukiona hata mara moja.

Wa pili tulimpata Mtwara mjini, milioni moja na nusu pamoja na kuja saiti mara nne. Siku ya kwanza hakuchora chochote, alitembea na kamba na mpira wa maji akipima levo. Kumbe sakafu ya juu inakaribiana na usawa wa barabara! Akaweka mlango mkuu hukohuko juu, na daraja fupi la mbao kutoka barabarani, mgeni anaingia sebuleni moja kwa moja. Chumba cha mama na choo chake akavipandisha juu. Ukuta wa nyuma wa chini akauchora wa mawe, maana unashika udongo, na gogo likigusana na udongo ni chakula cha mchwa.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwenye kunywea kwa mti. Gogo lililolazwa likikauka hunywea unene, ila nguzo iliyosimama urefu wake haupungui. Kuta zinashuka, nguzo zinabaki palepale, sakafu inafanya kigongo na milango inakwama. Ramani ya kwanza haikuwa na neno juu ya hilo. Ya pili iliacha nafasi juu ya kila mlango na dirisha, inayofichwa na ubao. Nguzo za ndani zimekaa juu ya jeki za skrubu, na ngazi imefungwa juu tu, chini imeegemea. Fundi alicheka sana: "Mwalimu, nyumba hii ina pancha?" Jeki zenyewe zilitoka Dar, zikakwama njiani Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga wakati wa kimbunga Hidaya. Mwaka wa kwanza tumezishusha mara tatu, na milango yote inafunga.

Magogo ni misaji (mitiki) ya Rondo, mkoani Lindi, tulinunua kwa risiti na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Msikubali kuambiwa msaji hauliwi. Mchwa hawauwezi moyo wake, lakini ile nyama nyeupe ya nje wanaila vizuri tu, na mti mchanga sehemu kubwa ni hiyo nyeupe. Tulipiga dawa, tukainua msingi, tukalaza bati jembamba chini ya gogo la kwanza.

Sasa malalamiko, maana na huyu wa pili si malaika. Jiko liko juu ya chumba chetu. Wiki ya kwanza binti alitwanga kisamvu asubuhi, nikadhani natwangwa mimi. Sakafu ya mbao haifichi kitu: kiti kikivutwa, unajua ni kipi. Kinu tumekihamishia nje, chini ya mwembe. Mchana wa jua kali sebule ingekuwa tanuri kama tusingeacha matundu ya hewa juu kwenye paa. Vyumba vya chini ndivyo vinabaki baridi. Simtanki nayo lazima iwe juu kuliko bomba la jikoni, kwa hiyo mnara wake ukaongeza gharama ambayo hatukuipangia.

Linaloniudhi hasa ni bomba la maji machafu ya jikoni. Limepita ndani ya ukuta wa kichwani kwetu, vyombo vikioshwa usiku unasikia mto. Lingeweza kabisa kushukia upande wa bafu. Nimeomba makadirio ya kulihamisha; mume wangu anasema tungoje korosho ziuzwe.