Caddy: seva nyepesi kwa anayejenga tovuti kwenye kompyuta yake

Caddy ni seva huria ya wavuti, yaani programu inayotuma kurasa za tovuti kwa kivinjari, iliyoandikwa kwa lugha ya Go na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2015, nayo huja ikiwa faili moja inayoendeshwa bila kusakinisha kitu kingine. Ukiandika localhost (jina la kompyuta yako mwenyewe) katika faili ya mipangilio, Caddy huunda mamlaka yake ya ndani ya vyeti, yaani mtoaji wa vyeti vinavyothibitisha tovuti, hutoa cheti na kuwasha HTTPS (muunganisho salama) yenyewe; huenda ukaombwa nenosiri mara moja tu ili kompyuta iiamini mamlaka hiyo. Naithamini mno sifa hii, kwa kuwa makosa ya vidakuzi vinavyodai muunganisho salama huonekana mapema, kabla kazi haijawafikia watumiaji.

Websoketi, yaani miunganisho inayobaki wazi kati ya kivinjari na programu, hupitishwa na agizo la reverse_proxy (linalopeleka maombi kwa programu iliyo nyuma ya seva) bila mstari wowote wa ziada, ilhali Nginx, seva nyingine ya wavuti, hutaka vichwa vya Upgrade na Connection viandikwe kwa mkono. Lipo jambo moja la kuangaliwa: mipangilio inapopakiwa upya, miunganisho ya websoketi hukatwa papo hapo, isipokuwa umeweka stream_close_delay, mpangilio unaochelewesha ukataji huo. Kwa anayehariri mipangilio mara kwa mara huku akijaribu programu ya gumzo, ningeshauri aiweke tangu mwanzo.