Ukingo wa gita kwa mbao ya holi: nimeitumia Lamu, haya ndiyo niliyoyaona

Mzee aliyenipa kazi hii ni mpigaji gita wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu, mtu wa maharusini tangu ujana wake. Aliniketisha barazani kwake, akaweka kidole juu ya vipande vya mfupa vilivyochomekwa kwenye kiti cha enzi cha kwao, akaniambia, “Mwanangu, ukingo wa gita langu nautaka mweupe hivi. Plastiki usinitilie.” Nilimwelewa. Ukingo ni ule utepe mwembamba unaogandishwa kuzunguka kingo za gita. Gita lake la zamani lina ukingo wa seluloidi, aina ya plastiki ya kale. Umegeuka njano, umesinyaa, na pale kiunoni umebanduka, ukucha unaingia.

Mfupa haupindi. Ndipo nikaagiza holi, mti wa Marekani ambao jina lake la kitaalamu ni Ilex opaca. Vipande 10, kila kimoja urefu wa sentimita 80, upana milimita 6, unene milimita 2 na nusu. Bei yake ilipita ya mbao yote ya mninga niliyonunua kwa mgongo na mbavu za gita hilo.

Vilipovuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, nikavifungua papo hapo. Weupe wa tui zito! Nyuzi za mti huzioni hata ukiinua kipande kwenye jua, na ukipitisha randa, maranda yanatoka laini, hayachani. Lakini vipande viwili vilikuwa na wingu la kijivu-buluu, na picha za muuzaji hazikuonyesha doa lolote. Nilimwandikia, hakunijibu. Rangi ile ni kuvu. Holi hukatwa wakati wa baridi na kupasuliwa haraka, kwa sababu gogo likilala kwenye joto kuvu huingia ndani, na msasa hauiondoi. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya vipande vyako wewe, pande zote mbili, kabla hujatuma pesa.

Usivitumie siku vinapofika. Holi husinyaa na kuvimba kuliko mbao nyingi, na hewa yetu ya Lamu ina unyevu na chumvi. Mimi niliviacha chumbani wiki tatu.

Kuvipinda hakukunisumbua sana. Nina bomba la chuma ninalolipasha moto kwa jiko la mkaa. Tone la maji likirukaruka juu yake najua limefika. Kwenye mninga, ukiunguza kidogo hakuna atakayeona. Kwenye holi kila kosa linaonekana: kipande cha kwanza nilikisimamisha kiunoni muda wa pumzi mbili tu, kikapata alama ya kahawia. Unene ule wa ziada ndio ulioniokoa, nikaikwangua alama mpaka ikaisha. Usiagize vyembamba zaidi.

Sasa sikilizeni, mafundi wenzangu, hapa ndipo nilipokaribia kuiharibu kazi ya watu. Kati ya holi na mninga nilitia mstari mwembamba wa mpingo, mweusi, ili weupe usimame. Gundi ilipokauka nikachukua msasa kama kawaida. Vumbi la mpingo likaingia kwenye holi, ukingo ukawa kama umepakwa masizi. Nikauweka msasa chini, nikachukua kipande cha msumeno wa zamani nilichonoa, nikakwangua taratibu, nikivuta kutoka upande wa holi kwenda kwenye mpingo, kamwe si kinyume chake. Weupe ukarudi.

Shelaki, vanishi ya kumalizia, nayo ina hatari yake. Huyeyushwa kwa spiriti, na spiriti huitoa rangi ya mpingo na kuieneza. Ukipaka gita zima kwa kitambaa kilicholowa, utauchora ukingo wako mistari ya zambarau. Nilichofanya: kwa brashi ndogo ya mchoraji nilipaka holi peke yake, tabaka nyembamba tatu, nikasubiri zikauke, ndipo nikagusa mbao nyingine. Siku mbili zaidi za kazi, na sijutii hata saa moja.

Je, inafaa? Kwa gita la mtu anayejua anachotaka, ndiyo, na nitainunua tena, ila kwa muuzaji mwingine. Inalinda kingo zisipigike na kuziba ncha za mbao zisinywe unyevu kama ukingo wowote mzuri, na viungo vyake vikikaa sawa huvioni. Kwa gita la kujifunzia sishauri, mninga au msaji unatosha. Na mteja aambiwe mapema kwamba weupe huu nao utaelekea rangi ya maziwa kadiri miaka inavyokwenda. Mimi nilimwambia mzee wangu. Akapitisha ukucha kuanzia shingoni, akauzungusha kiunoni, akarudi nao mpaka alipoanzia. Haukukwama popote. Akalipakata gita, akaanza kukaza nyuzi.