Kujitolea kitengo cha ufadhili, shirika la kilimo hapa Tanga: nyota nne

Usinunue gambuti. Kazi ni ya mezani: maandiko ya miradi, bajeti, barua za shukrani kwa wahisani.

Nyota nyingi ni za dada msimamizi. Andiko langu la wakulima wa machungwa Muheza lilirudi limepigwa mstari mwekundu chini ya "kuinua maisha ya wakulima", na pembeni kaandika: "Atauza wapi? Kwa nani?" Ikabidi nipande gari hadi Muheza, nikakuta machungwa yamelundikwa kando ya barabara na mwenye lori ndiye anayepanga bei. Aya ile tukaifumua yote.

Nilielewa pia kwa nini huwezi tu kuwaandikia IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, kule Roma: fedha zao nyingi hupitia serikalini kama mikopo, shirika dogo huingia kama mtekelezaji. Na tangu Marekani ikate misaada ya USAID mwaka 2025, wahisani waliobaki wanagombaniwa kwelikweli.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya mhasibu. Posho ni nauli tu, tena anadai risiti. Konda gani wa Muheza anatoa risiti? Mwenye kwao mjini ataweza. Wa kupanga chumba ajipime.