Makaa ya maganda ya vijana wa Kampala: mazuri, ila kagua kabla ya kulipa

Kwa maharage, katogo (ndizi zilizopikwa pamoja na nyama au maharage) na matoke yaliyofungwa kwa majani, makaa haya ya maganda ya ushirika wa vijana waliokosa shule na kazi yanayapita makaa ya miti. Moto wake ni wa taratibu, haurushi cheche, na ukishakolea hauhitaji kupepewa. Kwa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, hayafai, maana kikaango cha chapati kinataka moto mkali wa papo hapo.

Maganda ya ndizi na viazi huchomwa ndani ya pipa. Moshi mweupe mzito ukishakuwa mwembamba, pipa huzibwa lisiingie hewa. Likichelewa kuzibwa hubaki majivu. Likiwahi, maganda hayaivi na makaa yatakutoa machozi jikoni. Unga unaopatikana hukandwa kwa uji wa muhogo, takriban kilo 1 ya unga wa muhogo kwa kilo 10 hadi 15 za unga wa makaa. Uji ukipungua makaa yanamomonyoka, ukizidi yanaota ukungu. Wapo watengenezaji wanaozidisha udongo ili uzito upande. Huo ni wizi, kwani majivu hujaa kwenye sigiri (jiko la makaa) na moto unakosa hewa.

Gonganisha mawili: yaliyokauka hulia kama vigae, mabichi hayalii. Kisha vunja moja. Ukiona kiini cheusi zaidi ya kingo, bado kina maji. Kataa mfuko huo. Hapa ndipo ushirika huu unapoteleza. Makaa yanataka siku 3 hadi 5 za jua kali, na mvua za Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, hukuta vichanja vyao havina paa.

Kuwasha, tanguliza makaa machache ya miti, panga haya juu yake ukiacha nafasi, na usibandike sufuria mpaka kingo ziwe nyekundu.

Ukitaka kuwasaidia kweli, lipa taslimu. Vikundi vingi vya namna hii vimeanzia kwenye mkopo wa serikali wa vijana, ulioanzishwa mwaka wa fedha 2013/14: ukirejeshwa ndani ya miezi 12 haukuwa na riba, ukipitiliza uliongezewa 5% kwa mwaka. Shule inayochukua makaa leo na kulipa mwisho wa muhula ndiyo inayowasukuma kuchelewa kurejesha mikopo. Agiza Januari au Juni, wakati wa kiangazi, utangulize nusu ya malipo, wapate kununua nailoni ya kuezekea vichanja.