Wakili wa ufilisi pale Samora: ukianza kulemewa na madeni, nenda mapema

Kampuni yetu ya vifaa vya ujenzi ilifungwa mwaka jana, na wenzangu wa Kariakoo na Buguruni wananiuliza ni nani aliyetusimamia hadi tukamaliza bila kukimbizana na wadai mitaani. Ni wakili mmoja mkongwe mwenye ofisi Mtaa wa Samora, hatua chache kutoka Sanamu ya Askari. Hapendi kutangazwa, kwa hiyo jina siliandiki. Waulize mawakili wa mjini "Mzee wa ufilisi", watakuelekeza.

Alijijengea heshima miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa au kufungwa na madeni sugu ya benki yakakabidhiwa LART, chombo cha kukusanya madeni hayo kilichoundwa kwa sheria ya 1991. Makaratasi hayamtishi. Siku ya kwanza alitueleza jambo ambalo hata mhasibu wetu hakuwahi kulisema: kampuni hufilisiwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, mtu binafsi chini ya Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na dhamana niliyoisainia benki kwa jina langu haifi kampuni ikifa. Nililia pale pale. Akaagiza chai, akanisubiri, tukaendelea.

Alifungua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula: mwenye rehani, wafanyakazi na kodi ya TRA, wasambazaji, mwisho kabisa sisi wenye hisa. Kila safu ilitaka majina na kiasi, hadi fundi wa kuchomelea aliyekuwa anatudai hela ya geti. Mbia wangu akauliza kama Canter inaweza kuhamishiwa kwa shemeji yake kabla mambo hayajafika mahakamani. Mzee akaweka kalamu chini. "Mwanangu, mahakama italirudisha hilo gari, na wewe utakuwa umeshajichafua." Canter ikaandikwa kwenye orodha.

Benki ilichukua ghala. Mishahara ikatangulia madai ya wasambazaji, kama sheria inavyotaka, na mlinzi wetu wa usiku akapata haki yake. Wasambazaji waliambulia sehemu tu, ila walionyeshwa hesabu zote kikaoni, na wapo ambao hadi leo wananiuzia mabati. Kwa mfanyabiashara, hilo ni kubwa kuliko ghala.

Kasoro zipo. Ngazi ni ndefu na lifti hakuna, foleni inachosha, na ujumbe wa WhatsApp hajibu. Lazima uende mwenyewe. Ada ya ushauri unalipa kabla ya kuingia. Si ndogo, lakini risiti ya EFD unapewa bila kuomba.

Siku tulipokwenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, wakili wa benki, yule aliyekuja kutubana, alianza kwa kumwambia Mzee "Shikamoo mwalimu". Baadaye nikaambiwa wengi wanaofanya kazi hii mjini walipita mikononi mwake. Sasa amepunguza kesi na anawaachia vijana wake. Mwombe yule dada aliyeendesha kikao chetu cha wadai: anaongea taratibu, na hakuna mdai aliyemkatisha.

Ukienda, beba mikataba ya mikopo, taarifa za benki, orodha ya wafanyakazi na barua zote za madai, hata zile ulizoogopa kuzifungua. Fika asubuhi, mchana Mzee huwa ameshakwenda kuswali, na wakati mwingine harudi.